Niliagiza "pants", zikaja chupi: maneno ya nguo ya Kiingereza yametoka wapi?

*"Mwalimu, habari za kazi. Nina duka la nguo, na siku hizi naagiza mzigo mpya kutoka nje kwa mtandao. Mwezi uliopita niliagiza dazani tatu za 'men's pants' kutoka duka moja la Uingereza nikijua ni suruali. Zimekuja chupi za kiume. Muuzaji anashikilia kwamba hajakosea. Na si hilo tu: 'vest', 'jumper' na 'suspenders', kila tovuti ninayofungua naona kitu kingine. Kijana wangu wa sekondari naye anasema 'trousers' iko kwenye wingi kwa sababu zamani kila mguu ulishonwa peke yake, na kwamba 'jeans' ni jina la binti wa Kimarekani aliyezibuni. Kiingereza sahihi ni kipi? Maneno haya yametoka wapi? Na nitaagizaje bila kuliwa tena?"*

Pole kwa mzigo, dada. Swali lako lina mambo mawili: la biashara, yaani kujua kilichomo kwenye katoni kabla hujalipa, na la asili ya maneno. Ukilielewa la pili, la kwanza linakuwa jepesi, kwa hiyo nianze na asili, kisha nirudi dukani kwako.

Muuzaji kweli hajakosea, na wewe pia hukukosea. Ukisema "pants" London watu wataelewa chupi, ukisema New York wataelewa suruali. Usitafute nani anazungumza Kiingereza sahihi na nani amekiharibu, kwa sababu maana zote mbili zimetoka kwenye shina moja, tena la kuchekesha. Katika michezo ya kuigiza ya Kiitaliano ya karne ya 16 alikuwepo mhusika aitwaye Pantalone, mzee mfanyabiashara wa Venice, tajiri na bahili, aliyevaa vazi jekundu lililombana miguu. Wafaransa wakaita suruali ya namna yake "pantalon", Waingereza wakasema "pantaloons", na Wamarekani katika karne ya 19 wakalikata neno likabaki "pants". Uingereza lilikuta suruali ya nje tayari ina jina lililozoeleka, "trousers", likakosa nafasi huko nje na kuishia kwenye nguo ya ndani. Na Uingereza yenyewe si moja: pande za Lancashire, kaskazini magharibi, wapo wanaoita suruali "pants" mpaka leo.

Kisa hicho kinaonyesha jinsi maneno haya yanavyofanya kazi. Jina la nguo halishiki umbo la nguo. Hushika sehemu ya mwili, au kitambaa, au mji kilikotoka kitambaa, au mtu aliyevuma akiwa ameivaa. Mitindo ikibadilika, jina hubaki palepale na kuivaa nguo inayofuata.

Mfano ulio wazi kuliko yote unao dukani. "Shirt" na "skirt" ni neno moja. Waingereza wa kale walikuwa na vazi waliloliita "scyrte", na Waskandinavia walikuwa na lao, "skyrta", yote yakitokana na mzizi uleule uliozaa "short", yaani kilichokatwa kikawa kifupi. Katika Kiingereza cha kale sauti ya "sk" ililainika ikawa "sh", ndiyo maana "scyrte" ikawa "shirt". Wavikingi, mabaharia wa Skandinavia, walipovamia na kulowea kaskazini na mashariki ya Uingereza kuanzia karne ya 9, walikuja na matamshi yao ambayo hayakuwa yamelainika, na "skyrta" ikawa "skirt". Lugha ikajikuta na majina mawili ya vazi la aina moja. Lugha haipendi mzigo wa bure, hivyo maneno yakagawana mwili: moja likabaki juu, jingine likashuka kiunoni na kuwa sehemu ya chini ya gauni, kisha nguo inayojitegemea. Sisi tumeyapokea yote mawili, shati na sketi, bila kujua kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

"Vest" nayo ilihama kwa mtindo huohuo, ila yenyewe iliingia ndani. Neno linatokana na Kilatini "vestis", vazi lolote. Mwezi Oktoba 1666 mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitangaza mtindo mpya wa mavazi kwa wanaume wa ikulu, ukiwa na "vest", nguo ndefu ya kuvaliwa chini ya koti. Vazi hilo lilifupishwa kidogo kidogo mpaka likawa kile tunachokiita kizibao. Wamarekani wamebaki na maana hiyo: kwao "vest" ni kizibao, kile cha suti ya vipande vitatu. Waingereza walikipa kizibao jina jingine, "waistcoat", na "vest" ikaendelea kusogea karibu na ngozi hadi ikawa singilendi. Kwa hiyo ukiona "men's vests, pack of 5" kwenye duka la Uingereza, jua ni fulana za ndani zisizo na mikono. Hakuna anayeuza vizibao vitano kwenye pakiti ya nailoni.

Kwenye "jumper" wengi hupotea kwa kufikiria kuruka. Halina uhusiano na kuruka. Katika karne ya 17 kulikuwa na koti fupi lililoitwa "jump", na wanaisimu wengi wanalihusisha na neno la Kifaransa "jupe". Kiungo hicho cha "jump" na "jupe" bado kina mjadala, nisikufiche. Kisicho na ubishi ni kwamba "jupe" yenyewe imetoka kwenye Kiarabu "jubba", ambalo kwetu ndilo juba. Yaani kama kiungo kile kinasimama, sweta ya Mwingereza na juba la shehe wa Lamu ni vazi moja lililoachana njiani, moja likapita bahari ya Mediterania na jingine likashuka na majahazi. Leo Uingereza "jumper" ni sweta ya kuvaa kwa kuingiza kichwani. Marekani ni gauni lisilo na mikono, la kuvaliwa juu ya blauzi, kama sare za wasichana wa shule za msingi. Ukitaka sweta kutoka Marekani, andika "sweater", neno lililotokana na jasho: zilikuwa nguo nzito za wanamichezo.

"Suspenders" ni fupi. Marekani ni mikanda miwili ya mabegani inayoshikilia suruali. Uingereza ni vishikizo vya soksi ndefu za kike, na ile mikanda ya mabegani huitwa "braces". Ukikosea hapa utapokea kitu ambacho mwenye harusi aliyekuagiza hatakipenda.

Sasa ya kijana wako kuhusu "trousers". Mpe nusu ya alama. Ni kweli kwamba katika Ulaya ya zama za kati wanaume walivaa miguu miwili iliyoshonwa mbalimbali, kila mmoja ukifungwa kwa kamba kiunoni, na miguu hiyo iliunganishwa kuwa nguo moja katika karne ya 15. Lakini neno "trousers" si masalia ya miguu hiyo. Limetoka kwa Waselti wa Ireland na Uskoti, waliokuwa na "triús" na "triubhas", maneno ya umoja kabisa. Waingereza wakalichukua likiwa "trouse", kisha wakaliongezea mkia wa "-ers" kwa kuiga "drawers", nguo ya ndani iliyopewa jina hilo kwa kuwa huvutwa juu wakati wa kuvaa. Wingi umetokana na tabia ya Kiingereza ya kuweka kwenye wingi kifaa chenye sehemu mbili zinazofanana: mkasi ni "scissors", miwani ni "glasses", koleo ni "tongs". Na wala si sheria ya mantiki. Sidiria ina vikombe viwili, na Kiingereza kinaiita "bra", umoja.

Jambo hili lina hasara yake kwenye oda, kwa hiyo litazame vizuri. "A pair of trousers" ni suruali moja. "Two pairs of trousers" ni suruali mbili, si nne. Lakini "two pairs of socks" ni jozi mbili, yaani soksi nne, kwa sababu kila soksi inajitegemea. Ukiagiza "12 pairs" ya suruali ukidhani utapata 24, hesabu yako ya bei kwa kila moja itakuwa nusu ya bei halisi, na utagundua mzigo ukishafika.

Binti aitwaye Jean hayupo. "Jean" kilikuwa kitambaa kigumu cha pamba kilichohusishwa na mji wa bandari wa Genoa, Italia, ambao Wafaransa huuita Gênes, na Waingereza walikuwa wakikitaja tangu karne ya 16. "Denim" nayo ni ufupisho wa "serge de Nîmes", kitambaa cha Nîmes, kusini mwa Ufaransa. Vilikuwa vitambaa viwili tofauti. Chukua jinzi yoyote ya bluu dukani kwako, ukunjue upindo wa chini na ulinganishe nje na ndani. Nje ni bluu, ndani inaelekea nyeupe. Hiyo ni kwa sababu katika denim nyuzi za mtande, zile za kwenda urefu wa kitambaa, hutiwa rangi ya nili kabla ya kufumwa, na nyuzi za mshindio, zile za kukatiza upana, huachwa nyeupe. Ufumaji wa mshazari huitupa mtande upande wa juu, mshindio ukajificha ndani. Ndiyo maana pia jinzi huchuja na kuwa nyeupe magotini: rangi imekaa juu juu kwenye uzi wa mtande, na ikisuguliwa, kiini cheupe cha uzi hutokeza. "Jean" ya zamani ilifumwa kwa nyuzi za rangi moja pande zote, nayo haikuwa na tabia hiyo. Kwa maneno mengine, suruali tunazoziita jinzi zimeshonwa kwa kitambaa cha Nîmes zikapewa jina la Genoa.

Wanaotajwa kwa haki kwenye historia ya suruali hizo ni wanaume wawili: Levi Strauss, mhamiaji kutoka Bavaria aliyeuza vitambaa San Francisco, na Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Nevada. Tarehe 20 Mei 1873 walipata hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu, ya kuimarisha kona za mifuko kwa ribiti za shaba, kwa kuwa wafanyakazi walikuwa wakijaza mifuko vitu vizito mpaka mishono inafumuka. Wao wenyewe hawakuziita "jeans", waliziita "overalls", neno ambalo sisi tumelipokea kama ovaroli na kulipa vazi jingine kabisa. Jina "jeans" lilizishika baadaye, katika karne ya 20.

Msishangae na kijana wako kuona kitambaa kinaitwa kwa mji. Kwetu marekani ni nini kama si hivyo? Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar shehena za pamba nzito isiyopaushwa, na watu wa pwani wakakiita kitambaa kwa jina la nchi. Kiingereza kimefanya hivyo kila mahali: "calico" ni Calicut ya India, "cashmere" ni Kashmir, "muslin" ni Mosul ya Iraq, "dungaree" ni Dongri, mtaa wa Mumbai.

Hapo nigusie dhana ambayo hukuiuliza lakini imejificha ndani ya swali lako, kwamba maneno ya nguo yamesafiri upande mmoja tu, kutoka kwa Waingereza kuja kwetu. Sehemu kubwa ya sanduku la nguo la Mwingereza imetoka Bahari ya Hindi na nchi zinazoizunguka, ambako nasi tuliyapata yetu. "Khaki" ni Kiurdu, kutokana na Kiajemi "khak", vumbi. Askari wa Guides, kikosi cha Waingereza kilichoundwa Peshawar mwaka 1846 walivaa rangi hiyo ili wasionekane kwenye ardhi kavu. "Pyjamas" ni Kiajemi pia, "pay" mguu na "jama" vazi, kwa hiyo kwa asili ni suruali peke yake. Shati la juu waliliongeza Wazungu walipoifanya nguo ya kulalia. "Shawl" ni "shal", na sisi tunasema shali. "Cotton" ni Kiarabu "qutn". Na suruali yetu, ambayo wengi huidhania ya Kizungu, ni Kiarabu "sirwal" kilichotoka kwenye "shalwar" ya Waajemi. Sidiria ina "sadr" ndani yake, kifua. Ukiondoa shati, sketi, koti, soksi, jinzi na wenzao waliokuja na Waingereza, kabati letu halijaazima London.

Majina ya watu ni kundi dogo, lakini lina jambo la ajabu kidogo. Vita moja, ile ya Crimea ya 1853 hadi 1856, imeacha majina matatu. "Cardigan", sweta yenye vifungo mbele, ni James Brudenell, mwinyi wa saba wa Cardigan, aliyeongoza shambulio la farasi pale Balaclava tarehe 25 Oktoba 1854. Mji huo wenyewe ukatoa jina la kofia ya sufu inayofunika uso na kuacha macho. Na kamanda wa jeshi la Waingereza alikuwa Lord Raglan, aliyekuwa amepoteza mkono wa kulia kwenye vita ya Waterloo mwaka 1815. Fundi wako anapokushonea mkono wa "raglan", ule ambao mshono wake hauzunguki bega bali unashuka mshazari kutoka shingoni hadi kwapani, anamtaja jemadari mwenye mkono mmoja.

Kijana akitaka kupima hadithi nyingine za namna hii, aangalie mambo mawili kwenye kamusi nzuri ya asili ya maneno: mwaka ambao neno limeonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi, na maana yake ya wakati huo. Hadithi ya binti Jean inakufa hapohapo, kwa kuwa kitambaa kilitajwa Uingereza kabla Marekani haijawa nchi. Hadithi yenye mtu mmoja, siku moja na tukio tamu ndiyo ya kuitilia shaka kwanza, ingawa wakina Cardigan wapo kweli.

Turudi kwenye mzigo. Kabla ya kusoma jina la nguo, tambua tovuti inaandika Kiingereza cha wapi, na tahajia ndiyo itakayokwambia. Ukiona "colour", "grey" na "pyjamas", uko Uingereza au kwa wanaofuata mtindo wake. Ukiona "color", "gray" na "pajamas", uko Marekani. Viatu vya raba vikiitwa "trainers" ni Uingereza, vikiitwa "sneakers" ni Marekani. Usitegemee alama ya sarafu, kwa sababu tovuti nyingi hubadilisha bei kwa dola ukiwa nje. Wauzaji wa China na Uturuki huchanganya mitindo yote miwili kwenye ukurasa mmoja, na kwao tahajia haisaidii kitu.

Hatua inayofuata ni saizi, kwa sababu nazo zimeachana kama maneno. Gauni la saizi 12 ya Uingereza ni takriban 8 ya Marekani, na kiatu cha kiume namba 8 cha Uingereza ni kama 9 cha Marekani. Nakushauri usiagize kwa namba ya saizi kabisa. Omba vipimo kwa sentimita: kiuno, nyonga na urefu wa mguu wa ndani kwa suruali, kifua na urefu wa mgongo kwa nguo za juu. Vipimo hivi pia vinafichua aina ya nguo. Muuzaji asipoweza kukupa urefu wa mguu wa ndani wa "pants" zake, basi hazina mguu.

Maneno mengine yana usalama zaidi kuliko mengine. "Trousers" inaeleweka kuwa suruali pande zote mbili. "Underwear" ni nguo ya ndani kila mahali. "Sweater" Waingereza wanaielewa hata kama wao husema "jumper". "Waistcoat" inaeleweka Marekani ingawa inasikika ya kizamani. Tumia hayo kwenye barua zako, na "pants", "vest", "jumper" na "suspenders" usiyaandike kamwe bila picha pembeni.

Kuhusu dazani tatu ulizonazo, sikupi matumaini makubwa. Maelezo ya muuzaji yalikuwa sahihi kwa lugha ya soko lake, na maduka mengi hayarudishi nguo za ndani kwa sababu za usafi, hasa pakiti zikifunguliwa. Kama hujazifungua, mwandikie leo, usingoje, ukiomba kubadilishiwa. Lakini pima kwanza nauli ya kurudisha mzigo, maana inaweza kuzidi thamani yake. Kuziuza kama zilivyo huenda kukakutoa salama zaidi.

Ukifika kwenye oda za makatoni mengi, acha kutegemea maneno na ukae ana kwa ana na wakala wa forodha kabla hujalipa. Mwombe akuonyeshe nambari za bidhaa za forodha, zile HS code, kisha mtake muuzaji aandike nambari hizo kwenye ankara ya awali. Suruali za kiume za kitambaa kilichofumwa ziko 6203, chupi za kiume za kitambaa cha kuvutika ziko 6107, singilendi na tisheti 6109, masweta 6110. Muuzaji akikurudishia 6107 wakati wewe unataka suruali, utajua siku hiyohiyo, na pesa bado ziko kwako. Mkataba ukiwa mkubwa na umeandikwa kwa Kiingereza tupu, mpelekee pia mwanasheria au mfasiri anayejua biashara, si kamusi ya simu. Ila kwa "suspenders" hata nambari haitakuokoa: za mabegani na za soksi zote zimewekwa 6212, pamoja na sidiria. Hapo omba picha.